Mayai Yasiyo na Dume

Wenzake kazini walimwita Mama Kenge, naye aliitika. Alikuwa mtunzaji wa reptilia katika bustani ya wanyama, na yule kenge jike wa chumba cha mwisho alimpokea akiwa kitoto, mwembamba kama mwiko wa sufuria. Akamlea peke yake mpaka mkia ukafika upande wa pili wa chumba.

Alipenda kuwasimulia wageni. Ulimi ule uliogawanyika ncha, alisema, si wa kutishia watu; anaokotea harufu, kisha anaipeleka kwenye paa la kinywa, na ncha mbili zinamwambia windo liko kulia au kushoto. "Nyoka ni binamu zake," aliwaambia. "Ukoo huu ulikuwa ukitambaa duniani kabla ya mtu yeyote kuwapo wa kuukimbia."

Asubuhi moja, akisafisha, alikuta mchanga umefukuliwa karibu na beseni la maji. Chini yake kulikuwa na mayai meupe, laini kama ngozi. Hakushtuka, kwani jike aliye peke yake huweza kutaga mayai matupu, na kazi yake ni kuyatupa. Lakini daktari wa wanyama, kijana mwenye tabia ya kuchungulia kila kitu, alilimulika moja kwa tochi. Ndani mlikuwa na mishipa ya damu.

Mayai yakapelekwa kwenye mashine ya kutotoleshea, na Mama Kenge akaitwa ofisini kwa meneja.

"Mama, niambie ukweli. Dume ametoka wapi?"

"Bosi, hakuna dume."

"Kwa hiyo kapata mimba kwa upepo?"

Ufunguo wa chumba kile alikuwa nao Mama Kenge tu, na kwenye mtaro nyuma ya ukuta kenge wa porini walionekana mara kwa mara. Meneja aliona hesabu nyepesi: mama huyu kaingiza dume kwa siri, apate watoto wa kuuza. Akanyang'anywa ufunguo, akapelekwa kukwangua vinyesi kwenye vizimba vya ndege wakati uchunguzi ukiendelea. Wale waliokuwa wakicheka naye wakawa wanapita kimya. Mmoja tu ndiye aliyesema, naye alisema akiwa amempa mgongo: "Msafara wa mamba, na kenge wamo."

Siku hizohizo, nyumbani, bintiye wa pekee alianza kutoka jikoni mbio kila kitunguu kilipotiwa kwenye mafuta. Mama ni mama, hakuhitaji kipimo cha mimba.

"Ya nani hiyo?"

"Yangu."

"Sikuulizi kama ni yako. Baba yake nani?"

Mama akauliza tena wakiosha vyombo, akauliza mlangoni mwa bafu, akauliza kwa upole, akauliza kwa matusi. "Sikio la kenge wewe! Mpaka litoke damu ndiyo usikie?"

"Na wewe huko kazini?" binti akamgeukia. "Si wanakuuliza kila siku? Umewaambia ukweli, wamekuamini?"

"Mimi nimesema ukweli. Wewe hujasema kitu!"

Yote mawili yalikuwa kweli, na hayakumsaidia yeyote. Binti alifungasha nguo zake akahamia kwa mama yake mkubwa, mtaa wa pili.

Mayai yalipotimiza muda wake yakapasuka, vikatoka vikenge vyenye madoa ya manjano. Daktari akachukua tone la damu kwa kila kimoja, na kwa mama yao, akaituma maabara. Majibu yalipokuja alimfuata Mama Kenge mpaka kwenye vizimba vya ndege.

"Mama, hakuna dume."

"Hilo nililisema."

"Ndiyo, lakini sasa damu imesema. Kila walicho nacho kimetoka kwa mama yao tu. Wataalamu wameliona hili kwa aina kadhaa za kenge: jike akikosa dume, yai linaweza kujikamilisha lenyewe. Na wakizaliwa hivyo, wote huwa madume."

Meneja alimrudishia ufunguo. "Tulifuata utaratibu tu," alisema, na hilo ndilo likawa samahani. Vikenge vikatengwa na mama yao, maana kenge hajui mtoto, angevila. Mama Kenge alisimama kwenye kioo akivitazama, na ile furaha aliyoingojea haikuja.

Siku yake ya mapumziko akaenda kwa dada yake. Dada alimzuia mlangoni.

"Umekuja kuuliza au kumwona?"

"Kumwona."

Binti alikuwa ameketi sebuleni akikunja nguo, tumbo limeshachomoza. Mama akamsimulia habari za maabara.

"Wote madume?"

"Wote."

"Maskini," binti akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akacheka.

Njia nzima mama alikuwa amejiapiza kutouliza. Akauliza.

Kicheko kikakatika. "Mama, nikikutajia utamtafuta. Ukimtafuta, atajua nilipo. Sitaki ajue."

"Alikuumiza?"

Binti alichukua shuka, akashindwa kulikunja peke yake. Mama akashika ncha za upande wa pili, wakalikunja pamoja.

Binti alijifungua mtoto wa kike mwenye paji pana na kidevu chenye kishimo, visivyo vya upande wao. Hakurudi nyumbani, alisema kwa mama mkubwa kuna geti. Bibi huenda kila mapumziko, humwogesha mjukuu, humbeba mpaka alale. Jina la baba wa mtoto hajatajiwa mpaka leo, naye ameacha kuuliza. Lakini akiwa sokoni, au kwenye foleni ya maji, au wageni wanapojipanga mbele ya kioo chake wakimsikiliza, macho yake huwapita wanawake na watoto, yakatua kwa wanaume. Huwatazama mmoja mmoja, mapaji na videvu, kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.