Mawese Chini ya Rangi

Nilirudi Walikale na diploma ya ufundi wa vyuma vya meli, niliyoitafuta mwenyewe kwenye karakana za Kalemie bila mjomba wala mfadhili. Mashua ya kwanza ya chuma kuvusha watu kwenye mto Lowa upande wetu, ni mimi niliyeichomelea. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilitaka jambo moja tu: mama wa sokoni ashuke ng'ambo na mzigo wake mkavu, aseme kazi hii ni ya mtoto wetu.

Chuma cha majini hakivumilii uchafu. Nilikikwangua kwa brashi ya waya mpaka kikang'aa, kisha nikamwachia mdogo wangu, niliyemfundisha kazi, akioshe kwa petroli wakati naenda kuchukua rangi. Niliporudi alikuwa anakunja kitambaa.

"Iko safi, kaka. Paka tu."

Nikapaka.

Mvua hazijaisha, rangi ikafura malengelenge, ikabanduka vipande vipana, na chini yake kutu ilikuwa imeanza kula vishimo. Pale kivukoni watu walinipokea kwa kelele. "Papa Enjeniere, mashua yako inavua nguo!" Mdogo wangu alicheka pamoja nao.

Shangazi yetu ndiye aliyeropoka, tukiwa tunamenya mihogo na mimi nikiilalamikia rangi. "Lakini sisi wamama tuliipaka mawese muzuri, sawa mitumbwi yote. Mudogo yako njo alituita."

Huku kwetu mtumbwi mpya hupakwa mawese kabla ya kugusa maji, ili mto uukubali. Mbao huyanywa mafuta hayo. Chuma hakiyanywi, yanabaki juu, hata ukifuta kwa kitambaa, na rangi inakosa pa kushika.

"Ningekuambia ungekatala," alisema mdogo wangu nilipomkabili.

"Na waliponicheka?"

Akasema ana kiu, akaondoka.

Nilikwangua upya peke yangu, nikaosha kwa mikono yangu, nikapaka. Mvua zimekuja na kwenda, rangi haijaachia hata mahali pa ukucha. Hakuna mwingine huku anayeweza kazi ile.

Siku ya soko iliyopita mashua ilikuwa nusu tupu. Mdogo wangu akateremka kivukoni na mke wake na watoto, wamebeba ndizi. Nikasogeza mizigo wapate pa kukaa.

"Ile mashua alishaikwangua mawese yote," alimwambia mke wake, bila kushusha sauti.

Wakaingia kwenye mtumbwi wa mbao.