Punje Ambazo Mashine Ilizikataa

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu asiyeweza kueleza kazi yake haijui. Ndivyo nilivyoajiri nilipokuwa meneja wa teknolojia Dar es Salaam. Nilimpa mwombaji kalamu na ubao, nikamwambia aniandikie hatua kwa hatua anavyotatua tatizo. Aliyesema "najua tu" nilimshukuru kwa kuja, nikamfungulia mlango. Niliporudi Bukoba kusimamia mitambo ya kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa, nilirudi na imani hiyo hiyo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuleta mashine ya kuchambua kahawa kwa kamera. Punje zinapita kwenye mkanda, kamera inazitazama, na iliyo mbovu inapulizwa pembeni kwa hewa kabla hujapepesa jicho. Lakini mashine ya aina hiyo haiji na ujuzi. Lazima ijifunze kwa mtu. Pale kiwandani walikuwapo akina mama waliochambua kwa mikono, wamekaa chini mbele ya nyungo zao. Nikauliza nani kati yao hukosea mara chache. Wote walimgeukia mama mmoja mzee wa Kanazi.

Nilimwita ofisini.

"Shikamoo, mae," nilisema, maana kwetu kila mama wa umri ule ni mae.

"Marahaba, mwanangu."

"Nieleze unavyoitambua punje mbovu."

Alifikiri kidogo. "Nyeusi unaiona. Iliyotobolewa na mdudu unaiona. Nyingine mkono unaikataa."

"Unaikataa kwa sababu gani?"

"Hauniambii."

Kwa kanuni yangu asingepata kazi. Nikajiambia kwamba mimi nataka mikono yake tu, maelezo nitayatafuta mwenyewe. Naona aibu kuandika hivyo leo. Tulimweka kwenye meza yenye taa nyeupe, kamera juu yake, akachambua msimu mzima bila kutuuliza tunafanya nini na picha zile. Mashine ilipokuwa tayari, wengi wa akina mama waliambiwa wabaki nyumbani, na yeye akiwa mmojawapo. Barua niliziandika mimi.

Mwanzoni mashine ilifanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha asubuhi moja fundi wangu, dada mmoja ambaye nilimwajiri kwa jinsi alivyojieleza vizuri ubaoni, alikuja na bakuli la punje zilizotupwa.

"Meneja, hizi zina kasoro gani?"

Nilizimwaga kwenye karatasi. Zilikuwa nzuri. Tulizitazama kwa kioo cha kukuzia, tukazipima unyevu, tukampelekea mwonjaji, akasema kahawa haina tatizo. Zote zilitoka kwenye gunia moja. Tulisafisha kamera, tukazihesabu zile punje, tukazichanganya na nyingine, tukazirudisha kwenye mkanda. Mashine ilitupa idadi ile ile. Mara ya tatu fundi alisimama mbali na mkanda, amekunja mikono kifuani kama mtu anayesikia baridi.

Kila gunia letu lina namba ya mkulima. Hili lilitoka Ngenge, wilayani Muleba. Kesho yake niliendesha gari hadi huko nikitarajia kukuta dawa iliyozidishwa, au mbegu ngeni. Nilimkuta mwanamume wa rika langu amekaa mlangoni. Ndani ya kibanja chake, shamba linaloizunguka nyumba, katikati ya migomba, palikuwa na kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado haujatulia.

Nilimpa pole, nikaeleza kwamba natoka kiwandani na nimekuja kuuliza alivyoanika kahawa yake.

"Mke wangu ndiye aliyeianika," alisema. "Alipofariki ilikuwa bado iko kwenye turubai. Siku zote za msiba hakuna aliyeigeuza. Watu waliipita tu." Kisha akanitazama sawasawa. "Nani amekwambia?"

Nilisema ni ukaguzi wa kawaida.

Njiani nilijituliza kisayansi. Kahawa isiyogeuzwa hukauka upande mmoja. Huenda inabaki na alama ambayo jicho letu halioni na kamera inaiona. Hata sasa naamini ndivyo ilivyokuwa. Lakini niliporudi tulifungua picha za video za yule mama wa Kanazi, tukatafuta alipokuwa akitenga punje nzuri. Zilikuwapo. Mikono inakwenda haraka, haraka, halafu inasimama. Anaichukua punje moja kwa vidole viwili, anaiweka kando peke yake, anajipangusa kwenye kanga. Kila mara midomo yake inacheza. Kamera yetu haikurekodi sauti.

Baada ya hapo magunia mengine yalikuja, moja la Kashozi, mawili ya vijiji vya Muleba. Mashine ilipoanza kutupa punje nzuri, niliangalia namba, na fundi akapiga simu kwa kisingizio cha kuhakiki taarifa. Kila mara aliyepokea alikuwa mfiwa. Baada ya simu ya tatu fundi aliomba asipige tena. Mimi nilikuwa nasimama kando ya mkanda mchana kweupe, watu wanacheka nje kwenye mizani, nikisikia hewa inapuliza, pu, pu, pu, na kujua kwamba mahali fulani kuna nyumba inayolia. Hakuna aliyenipa ruhusa ya kujua.

Mkurugenzi hakutaka hadithi. "Kahawa ni nzuri, mashine inaitupa. Irekebishe." Ila ili kuirekebisha alihitajika mtu wa kuionyesha punje zile na kuiambia kwamba ni salama, na mtu wa kuzitambua alikuwa mmoja tu.

Nilimkuta kwake Kanazi akipalilia. Nilimweleza yote, hata safari ya Ngenge. Hakushangaa.

"Kwa hiyo imejifunza," alisema.

"Wewe ulijuaje, mae?"

"Mama yangu alipokufa mimi ndiye niliyeianua kahawa yetu. Tangu siku ile mkono unaijua."

"Na ulikuwa ukisema nini pale mezani?"

"Nilikuwa nawapa pole." Aliegemea jembe. "Hiyo mashine yako inazitupa tu, siyo?"

Nikasema ndiyo, inazitupa tu.

Alikubali kuja. Kwa majuma mawili alikaa tena chini ya ile taa, lakini safari hii punje zile aliziweka pamoja na nzuri, na pole aliisema kwa sauti, kwa Kihaya, moja moja. Fundi wangu alikuwa akiandika kumbukumbu huku amefunga mdomo kwa kiganja. Tuliifundisha mashine upya, na gunia la Ngenge likapita lote. Mkurugenzi alifurahi. Nilipitisha mkono kwenye kahawa ile nikitafuta tofauti, sikuipata.

Siku hizi bado nawapa waombaji kalamu na ubao. Lakini nawapa pia sahani ya punje, nao wazichambue bila kusema lolote, nami nakaa nikiangalia. Wawili kati ya akina mama wale wamerudi, na wana viti vyao mbele ya mashine, na neno lao linaisimamisha. Ilinibidi nibishane sana kulipata hilo. Waliobaki nyumbani ni wengi zaidi.

Siku ya mwisho ya yule mama mzee, mimi mwenyewe nilimrudisha Kanazi. Kabla hajashuka aliuliza, "Zile picha za mikono yangu bado unazo?"

"Nimezifuta, mae. Nilifuta leo asubuhi."

"Na zilizo ndani ya mashine?"

"Ndani ya mashine hakuna picha. Kuna ilichojifunza tu, na hicho siwezi kukitoa."

Aliigeuza mikono yake, akaitazama viganja na mgongo, kama mtu anayeangalia kama kuna kinachopungua. Wingu zito lilikuwa linakuja kutoka ziwani na kahawa yake ilikuwa bado nje. Alishuka, akashika pembe mbili za turubai, akaniambia nishike mbili nyingine.