Pikipiki ya Masikio Yaingia Mbioni

Alikuwa fundi wa cherehani, yaani wa kuzitengeneza cherehani zenyewe, si wa kushona. Kushona hata kifungo kulimshinda. Mume wake, aliyekuwa kinyozi, ndiye aliyeshona vifungo vya nyumba nzima. Lakini mletee cherehani inayokata uzi, atalizungusha gurudumu lake polepole kwa kiganja, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa, mpaka asikie pale inapokwama. Watu wote walimwita Fundi, wakwe zake wakiwemo.

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, wa kutaka kujua. Saa ya ukutani ya mama mkwe wake aliwahi kuifungua kwa sababu ilikuwa inatembea vizuri mno. Ilirudi ukutani ikiendelea kutembea vizuri, ila skrubu moja ilibaki mezani, na hakuna aliyewahi kujua ilitoka wapi.

Kwenye korido ya nyumba waliyoishi pamoja na wakwe ilikaa pikipiki ya baba mkwe. Mzee aliinunua alipostaafu, kwa sababu moja: haikuwa na cheni. Alikuwa mtu wa suruali nyeupe, na grisi ya cheni ilikuwa adui yake wa kudumu. Kwenye hii, nguvu ya injini ilifika gurudumu la nyuma kwa shafti, chuma kinachozunguka ndani ya bomba kama kwenye gari. Injini yenyewe ilikuwa imelala, silinda mbili zimechomoza, moja kila upande, kama masikio ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mtaa mzima uliiita Masikio. Mama mkwe hakuipenda hata kidogo, maana kila alipopita na karai la nguo, sikio mojawapo lilimgonga muundi.

Goti lilipomkatalia mzee kuendesha, alibaki kuiwasha tu kila Jumapili, ili isisahau kazi. Jumapili moja Fundi alikuwa akipita na kikombe cha chai, mzee akavuta mafuta, na Fundi akasimama ghafla.

"Baba, hebu vuta tena."

"Kuna nini?"

"Vuta tu."

Mzee akavuta. Injini ikanguruma, na pikipiki nzima ikainama kidogo upande wa kulia, bila mtu kuisukuma. Akaachia, ikarudi. Akavuta, ikainama tena.

"Ndiyo tabia yake," mzee akasema. "Ukiiamsha, inakuinamia. Ina adabu kuliko majirani."

Chai ya Fundi ilipoa mkononi. Alimwomba mzee avute na kuachia mpaka mama mkwe akatoka jikoni kuuliza kama wanataka kumuua kwa moshi. Siku mbili nzima Fundi aliliwaza jambo hilo. Jibu lilimjia kazini, alipoiwasha kwa pupa cherehani nzito ya kiwandani, na meza ikaruka kinyume na gurudumu. Alirudi nyumbani karibu anakimbia.

"Inazunguka kwa ubavu!" akamwambia mumewe kabla hata ya salamu. "Ndani ya injini kuna chuma kizito, kimelala kwa urefu wa pikipiki. Kikizunguka huku, mwili unataka kwenda kule."

"Na mimi habari za kutwa ni njema, mke wangu," akasema kinyozi.

Basi hapo mambo yangeishia, kama si wifi yake. Dada huyo wa mumewe alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, mwanamke mwenye mikono mitulivu na mdomo usiotulia. Mwisho wa wiki alishindana kwenye mbio za pikipiki za ridhaa, katika uwanja wa zamani wa ndege ndogo nje ya mji, pamoja na walimu, mafundi bomba, wauza dawa, na kila mtu ambaye mke au mume wake alikuwa amekata tamaa ya kumkataza. Injini ya pikipiki yake ndogo ilikuwa imekufa, akawa anazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Jioni moja, wakati wa chakula, akaja na habari kwamba chama chao kimeanzisha mbio za mashine ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu angezipeleka mbioni.

Aliposema hivyo, wote wanne waliokuwa mezani waligeuza shingo kutazama korido.

"Hapana," akasema kinyozi.

"Mwulize mwenye mali," akasema wifi.

Mzee alitafuna polepole, akameza. "Mnataka kuifanya nini?"

"Kuikimbiza, Baba."

"Hiyo nimeelewa, sijazeeka hivyo. Nauliza, mtaifanya nini ili ikimbie?"

Wifi akamtazama Fundi. Fundi, ambaye maishani mwake hakuwahi kuendesha hata baiskeli, alijikuta amekwisha sema, "Tuanze kwa kujua inakataa nini."

Ilikuwa inakataa mambo mengi, la kwanza likiwa kulala. Anayeshindana lazima ailaze pikipiki kwenye kona, na hii, ukiilaza, sikio linafika chini kabla hujafika popote. Kwa kiasi gani? Hakuna aliyejua. Fundi akatandika godoro kwenye korido, wifi akapanda na kushika usukani, kinyozi na baba yake wakaishika pikipiki pande mbili, wakaanza kuilaza taratibu. Fundi alilala kifudifudi sakafuni, shavu kwenye saruji, akitazama mwanga uliobaki chini ya silinda.

"Bado… bado… imegusa! Shikeni hapo hapo!"

"Tushike?" kinyozi akapumua. "Hii ni pikipiki au ng'ombe?"

"Shika, usiongee."

"Mnamlaza nani?" sauti ya mama mkwe ikatoka chumbani, na mzee akacheka mpaka mkono ukalegea. Masikio ikaangukia godoroni pamoja na wifi. Hakuna aliyeumia, ila cheko lile liliwachelewesha kuinyanyua, na mama mkwe aliyekuja kuona alishika kiuno akaondoka.

Walijua sasa: ilibidi ipande juu. Fundi akatafuta shokapu ndefu za nyuma kwa mvunja magari, muuza vipuri vya magari mabovu, ambaye yeye Fundi alikuwa akimtengenezea cherehani ya mkewe. Mbele akateremsha mirija ya shokapu kwenye vishikio vyake, ili mbele nako kusibaki chini. Kisha akaanza kuivua pikipiki nguo. Taa, vioo, indiketa, stendi, kiti kipana cha abiria, vyote vilitoka. Mzee alikaa kwenye kigoda, akipokea kila kitu na kukifunga gazeti kama anayehamisha vyombo vya udongo. Honi aliishika muda mrefu.

"Mbioni hawapigi honi?" akauliza.

"Hawapigi, Baba."

"Sasa mtu akikuzibia njia unamwambiaje?"

"Unampita."

Akaifunga gazeti, lakini alionekana hakuridhika.

Sheria za chama zilitaka kila boliti ya mafuta ifungwe kwa waya mwembamba uliosokotwa, isije ikalegea na kumwaga oili njiani. Kazi hiyo Fundi aliifanya kwa raha, kwa koleo zake ndogo za cherehani, waya ukisokotwa kama uzi wa kushonea. Iliyomkunisha kichwa ni namna ya kuyakinga masikio. Hata zikipanda, silinda zingegusa tu siku moja, na chuma chake kilikuwa laini. Alihitaji kitu kigumu lakini chenye kuteleza, kitu kisichouma lami. Alijaribu ngozi, alijaribu bati, alijaribu kipande cha mpira kilichonata barabarani kama ulimi kwenye barafu. Halafu siku moja alisimama jikoni akimtazama mama mkwe anavyokata vitunguu, kisu kinapita na kuteleza, na ubao mweupe wa plastiki hauna hata jeraha la maana.

Asubuhi iliyofuata mama mkwe aliuliza ubao wake uko wapi. Kinyozi alikumbuka ghafla kwamba kuna mteja anamsubiri. Mzee akajifanya amesinzia. Ulikuwa koridoni, umekatwa vipande viwili vya duara, umefungwa kwenye ncha za silinda, bado unanuka vitunguu.

"Nitakununulia mwingine, Mama," Fundi akasema, kichwa chini.

Mama mkwe akainama, akagonga kipande kimoja kwa ukucha. "Na hivi mbona umevifunga kwa skrubu ndefu? Vikilika, si skrubu zitakwangua chini?"

Fundi akatazama. Ilikuwa kweli. Akazizamisha skrubu ndani ya plastiki siku ile ile.

Siku ya mazoezi walikwenda wote uwanjani, Masikio nyuma ya pikapu ya mvunja magari. Mkaguzi wa chama, bwana mwembamba mwenye tochi mdomoni, aliizunguka, akavuta kila waya, akanusa.

"Mbona inanuka kachumbari?"

"Ni hadithi ndefu," akasema wifi.

Mizunguko ya kwanza ilikwenda vizuri. Fundi alisimama kwenye ukuta wa matairi, masikio yake mwenyewe yamesimama wima, macho yamefumbwa, akisikia injini inavyopanda na kushuka. Kisha, kwenye kona ndefu ya mwisho, sauti ikakatika. Ukaja mkwaruzo mrefu. Alipofumbua macho, wifi alikuwa amekaa kwenye majani, helmeti imeelekea angani, na Masikio imelala pembeni inazungusha gurudumu taratibu.

Alikimbia na viatu vikamvuka. Wifi alikuwa mzima, ila bega limechubuka na hasira imempanda.

"Imeshuka!" akafoka. "Niko katikati ya kona, nimeona naenda kasi, nimeachia mafuta kidogo tu. Pikipiki ikakaa chini, kama mtu aliyeondolewa kiti. Ikashuka, wifi! Sikio likagusa, gurudumu likanyanyuka!"

"Imeshuka kabla hujagusa breki?"

"Sijagusa breki. Hebu nihurumie kwanza ndipo uulize."

"Pole sana, wifi yangu," Fundi akasema, akimfuta vumbi. Halafu, kwa sauti ndogo: "Nyuma au mbele?"

Wifi akamtazama, akashindwa kujizuia, akacheka huku anashika bega. "Nyuma. Mungu wangu, nyuma."

Nyumbani, waliegemeza gurudumu la mbele ukutani. Kinyozi akapanda, akaweka gia ya kwanza, akaambiwa ashike breki ya mbele na kuachia klachi kidogo kidogo, kwa hofu ya mtu anayenyoa jipu. Fundi akalala tena sakafuni, sasa nyuma. Klachi ilipoanza kushika, mkia wa Masikio ukapanda juu polepole. Kinyozi alipobana klachi, ukashuka.

"Tena."

Ukapanda, ukashuka. Mama mkwe, mzee na wifi walisimama mstari mmoja wakitazama makalio ya kinyozi yakipanda na kushuka kama yanapimwa.

"Ni shafti," Fundi akasema toka chini. "Ikisukuma gurudumu, gurudumu nalo linaipanda shafti. Ukivuta mafuta, inasimama. Ukiachia, inachuchumaa. Wewe umeachia katikati ya kona, imechuchumaa juu ya sikio."

"Basi itengeneze isichuchumae," akasema wifi.

Fundi akakaa, akajipangusa mikono kwenye gauni. Alikuwa ameona namna moja ya kuitengeneza, kwa mkono wa pili chini ya shafti na kiungo kipya kwa nyuma, lakini kazi hiyo ingetaka miezi na mashine ambazo hakuwa nazo. Tena kuna jambo lilikuwa linamtekenya.

"Wifi, ukivuta mafuta kwenye kona, inapanda. Ikipanda, sikio linakwenda mbali na ardhi. Kwa hiyo ukiogopa na kuachia, unaanguka. Ukiogopa na kuvuta…"

"…inaniinua." Wifi akakunja ngumi ya kulia kama aliyeshika usukani. "Yaani unaniambia punguza mwendo kabla ya kona, halafu ukishaingia usiachie hata kidogo."

"Hata kidogo. Mimi sijui kuendesha, lakini yenyewe ndivyo inavyosema."

"Miaka yote natembeza wagonjwa, wanafundisha mguu mwepesi," wifi akanung'unika. "Leo mkono unaambiwa uwe na kichwa kigumu."

Alizoea kwa shida. Kila jioni baada ya kazi alikaa juu ya Masikio koridoni, injini imezimwa, macho yamefumbwa, akiikimbiza njia yote kichwani, mkono wa kulia haurudi nyuma. Mama mkwe alijifunza kupita ukutani na karai lake bila kumsumbua.

Siku ya mbio ilikuwa na jua kali na mashine za ajabu. Kulikuwa na pikipiki ya matairi matatu, moja ya kufundishia shule ya udereva yenye klachi mbili, na skuta nyekundu ya mwoka mikate, ambayo sanduku lake liliondolewa lakini harufu ilibaki. Masikio haikuonekana ya ajabu tena. Ilionekana ndefu na yenye haya, imevuliwa nguo mbele za watu.

Bendera ilipoangushwa, Fundi alishika mkono wa mama mkwe bila kujua. Wifi alianza vibaya, akabaki nyuma. Kwenye njia nyooka skuta ya mikate ikampita ikilia kama nyuki. Ila ile kona ndefu ya mwisho! Wengine waliingia, wakasita, sauti zao zikashuka. Ya Masikio haikushuka. Iliingia pana, ikapanda mkia, ikakwaruza plastiki kidogo kwa sauti kama ya kisu ubaoni, ikatoka upande wa pili mbele ya watu wawili.

"Hajaachia!" Fundi akapiga kelele. "Baba, hajaachia!"

"Naona," mzee akasema. Suruali yake nyeupe ilikuwa na alama ya oili kwenye paja, na hakuitazama.

Raundi iliyofuata ikawa vivyo hivyo: skuta ikapita kwenye njia nyooka, Masikio ikaipata kwenye kona. Zikakimbizana hivyo mpaka mwisho, na skuta ikavuka mstari mbele kwa urefu wa gurudumu. Wifi akawa wa tano. Alirudi, akavua helmeti, nywele zimelowa, akamkumbatia Fundi mpaka mbavu zikaomba msaada.

"Inaniinua, wifi! Ndiyo hivyo hivyo ulivyosema, inakushika kiunoni inakuinua!" Akageuka kwa kaka yake. "Halafu nimepitwa na mkate. Umeona? Mkate!"

Kinyozi alikuwa anacheka na kufuta macho kwa pamoja. Mzee alitangaza kwamba taa na honi zitabaki kwenye magazeti mpaka msimu uishe, kisha yeye na mama mkwe wakaenda kutafuta kivuli. Pikapu ikarudi nyuma, wakaipakia Masikio na kuifunga kamba. Wazee wakaitwa kutoka kivulini, watu wakapanda.

"Fundi yuko wapi?" kinyozi akauliza.

Alikuwa ng'ambo, amepiga magoti kwenye majani mbele ya skuta nyekundu. Mwoka mikate, jitu la mabega mapana lenye sauti ya upole, alikuwa amesimama juu yake na soda mkononi.

"Samahani, kaka," Fundi alikuwa akimwambia. "Nimesikia sauti ya injini yako inabaki pale pale, lakini mwendo unaongezeka. Wala hubadilishi gia. Inawezekanaje?"

"Miye najua kuoka mikate tu, dada," akasema. "Ndani kuna mkanda. Unapanda na kushuka wenyewe, sijui vipi."

"Wenyewe?"

Mwoka mikate akamtazama usoni, akaweka soda chini, akaenda kutafuta spana.