Velo, Ambia Mwenye Wako

Juzi, bunduki zikilia upande wa Rutshuru, baba mmoja, papa kama tunavyosema hapa, aliingia kwenye kiwanja cha kanisa letu hapa Goma akikanyaga baiskeli mbio, mama mukwe wake amekaa nyuma. Wametoka Kalengera. Muke wake alikuwa anangoja Kibati, na papa alipaswa kurudi kumuchukua kabla ya giza.

Alishuka, akajitupa kwenye majani.

Kwetu mama mukwe hagombezi mukwe wake, hata kumutazama usoni ni haya. Basi yule mama akashika usukani wa baiskeli, akaisemesha:

“We velo, ambia mwenye wako asilale. Miguu itakakamaa, nani ataniletea binti yangu? Atembee polepole, anywe maji kidogo kidogo.”

Papa akajibu palepale chini: “Velo, ambia mama miguu imekufa.”

“Velo, iambie ifufuke!”

Tulicheka mpaka machozi. Vita imetunyang'anya nyumba, lakini heshima ya ukwe ilikuja na sisi, imekaa nyuma ya velo. Papa akaamuka, akazunguka kanisa akisukuma baiskeli mpaka pumzi ikatulia, akanyoosha miguu, akaenda Kibati.

Jioni alirudi na muke wake. Tukamuletea papa kiti, akakikataa:

“Velo, tuzunguke kwanza kanisa. Mama anatuangalia.”