Kuonja Kabla ya Bosi

Jumamosi ya kwanza ya Februari, saa tisa kasorobo mchana, nilikuwa nyuma ya kaunta ya kiwanda kidogo cha bia pale Croydon, kusini mwa London, nafuta glasi zilizokwisha kukauka. Nilizifuta ili nisitazamwe. Mtu anayefuta glasi haulizwi maswali.

Lakini siku hiyo nilijua nitaulizwa. Kiwanda kilikuwa na nafasi moja ya uanagenzi, ya kujifunza kupika bia kuanzia mwanzo kabisa, na tuliokuwa tunaitaka tulibaki wawili. Mwenzangu alikuwa kijana wa Barking, upande wa pili wa jiji, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na maneno mengi, ambaye hupika bia jikoni kwao mpaka mama yake anakosa sufuria. Mimi nilikuwa msichana wa Jumamosi, muosha glasi, mwaka wa mwisho wa sekondari, nimetimiza miaka kumi na minane mwezi wa kumi na moja. Ripoti yangu ya shule kila muhula inasema kitu kile kile: achangie zaidi darasani.

Bosi ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, ndiye aliyeanzisha kiwanda na ndiye mpishi mkuu. Alikuwa ametuambia kwamba mtihani ni mmoja tu. Atafungua bia yake ya majira ya baridi, tuionje mbele ya wateja, kila mmoja aseme anachokionja. Kwa sauti. Hilo neno la mwisho lilinikosesha usingizi wiki nzima.

Naandika ukweli, maana hapa hakuna anayesubiri nimalize sentensi. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Si kwa ajili ya kulewa. Kulewa sijawahi, na hata baada ya kufika umri wa kunywa nilikuwa nikipewa glasi naonja kidogo, inayobaki naimwaga. Nilichopenda ni Jumamosi asubuhi, shayiri ikiwa kwenye maji ya moto, harufu kama ya uji, madirisha yamejaa mvuke, watu wameinama kila mtu na lake, na mtu anaweza kukaa saa nzima bila kusema neno na asionekane ana matatizo.

Mama alikuwa na mpango wake, na mpango huo ulikuwa unesi. Mama mwenyewe ni nesi. Kesho yake, Jumapili, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, vijana wanaokwenda chuo mwaka huu wangeitwa mbele waombewe mmoja mmoja, na Mama alikuwa ameshampa mchungaji jina langu na fani yangu. Mimi nilikuwa sijakubali wala sijakataa. Kwetu msichana asipojibu, huhesabiwa amekubali.

Basi bosi akaitoa ile bia. Wanaiita divai ya shayiri, ingawa ndani hamna zabibu hata moja. Ni bia iliyopikwa nzito, shayiri nyingi kwa maji machache, ikalazwa miezi. Kilevi chake ni asilimia kumi na moja, zaidi ya mara mbili ya bia ya kawaida, ndiyo maana hunywewa kwenye glasi ndogo na taratibu. Nyingi za aina hiyo ni tamu. Hii yeye aliijaza hopsi, yale maua ya kijani yanayotia bia uchungu na harufu. Aliyatia ikichemka, na ilipopoa akayatia tena.

Akaniambia nimimine. Ilitoka polepole, nyekundu ya kahawia kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na povu dogo juu. Nikachukua glasi ya kwanza, ya bosi mwenyewe. Nikapiga funda dogo, nikafuta ukingo kwa kidole gumba, nikampa kwa mikono miwili.

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Dada, hiyo ilikuwa ya bosi," kijana wa Barking akasema. "Au umeshajipandisha cheo?"

Ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Meza nzima ikacheka. Mteja mmoja akauliza kama nilikuwa napima sumu, na kwa kweli ndicho hasa nilichokuwa nafanya. Mpaka nina miaka kumi niliishi na bibi yangu Uchagani. Bibi alikuwa anapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, akiiuza uani kwake. Hakuna mtu aliyepokea kata mkononi mwake kabla yeye mwenyewe hajapiga funda, mgeni akiona. Mama aliokoka na pombe akaiacha kabla sijazaliwa, lakini mkono wake haukuokoka. Mpaka leo, huku Thornton Heath tunakoishi, akimkaribisha mchungaji juisi ya maembe anaionja kwanza, na watoto wa mchungaji wanaminyana. Mimi sikuwahi kufundishwa. Nimekua nikiona, basi mkono ukajiendea.

Uso uliniwaka. Samahani ilishafika mdomoni. Ni neno ninalolitumia London kuliko jina langu. Naomba samahani nikikanyagwa kwenye tramu, naomba samahani kwa mlango. Lakini nilimwona yule kijana anavyotabasamu, ametulia, kama mtu aliyeshapewa kazi, na nikamwona bibi anachekwa pale mezani na watu wasiomjua. Samahani nikaimeza.

"Kwetu anayeleta pombe huonja kwanza," nikasema. "Kumpa mtu bila kuonja ni kumtukana."

Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Bosi akaitazama glasi. Akasema, "Lakini hii nimeipika mimi. Basi niliyetakiwa kuonja mbele yenu ni mimi." Akanywa pale pale nilipofuta, akameza, akaiweka chini. Akaniambia kwa kuwa nimeshaanza, niendelee, niseme nimeonja nini.

Nikanywa tena. Mwanzo ni harufu kabla ya ladha, ganda la chungwa lililokwanguliwa kwa kucha, halafu utomvu wa msonobari, ule unaogoma kutoka mikononi. Kisha utamu, mzito, wa sukari guru iliyokaribia kuungua. Joto likashuka kifuani. Nilidhani imeishia hapo. Ndipo uchungu ukaja kutoka nyuma, ukakaa kwenye shina la ulimi na kukataa kuondoka. Nikaujua. Bibi alikuwa anatia mbege gome la msesewe, na siku moja, akilitwanga, alinilambisha unga wake kwenye ncha ya kidole, akacheka nilivyokunja uso. Nikawaambia yote hayo, la chungwa, la sukari, mpaka la gome. Nilikwama mara mbili. Hakuna aliyenisaidia kumaliza, nikamaliza.

Kijana wa Barking naye akaonja, akasema vizuri kuliko mimi, kwa mpangilio, akataja hata aina za hopsi, na alikuwa sahihi. Sitamwonea. Kisha bosi akatuuliza swali moja sote wawili: tungeiuza leo, au tungeilaza mwaka mzima? Mwenzangu alianza kusema iuzwe. Bosi akakunja paji la uso kidogo. Mwenzangu akasema, au labda nusu ilazwe. Bosi akaelekea kuitikia kwa kichwa, naye akamalizia kwamba hapana, yote ilazwe, hopsi zififie, utamu ujitokeze.

Mimi nikasema iuzwe leo.

"Hata mimi ningeilaza," bosi akasema.

"Basi utakuwa umezitia hopsi bure," nikamjibu. "Kama unasubiri uchungu uishe, si ungepika tamu tangu mwanzo?"

Sijui nilitoa wapi. Wateja wakaguna na kucheka, mara hii si mimi niliyechekwa. Bosi hakucheka. Nikarudi kwenye glasi zangu, nikijua nimeharibu, na huku sijuti hata kidogo.

Wateja walipoondoka, bosi alinifuata kwenye sinki. Alisema bado haafikiani na mimi, bia ile inahitaji mwaka na mwaka itaupata. Ila mwenzangu alibadilisha jibu mara mbili akimwangalia yeye, wala si glasi. "Uso wangu najua una ladha gani," akasema. "Sihitaji mtu wa kunionjea." Nafasi ni yangu nikiitaka. Kesho Jumapili wanapika, wanaanza saa mbili asubuhi. Nikija, nimeichukua. Nisipokuja atampigia simu yule kijana, na hatanichukia.

Nyumbani nilifika saa kumi na mbili jioni. Mama alikuwa jikoni na sufuria ya mtori, gauni lake la kitenge la kesho limeshapigwa pasi na kutundikwa mlangoni. Nilimwambia nikiwa nimesimama na koti bado mwilini, maana najijua, ningekaa ningenyamaza. Nikamweleza kazi yenyewe, na kwamba kesho asubuhi naianza, na kwamba chuo cha unesi siendi.

Alizima jiko kwanza. Akauliza kama nimekunywa. Nikamwambia ndiyo, glasi ndogo, kazini, mbele ya watu.

"Bibi yako alipika pombe ili mimi nisiipike," akasema. "Mimi nimegeuza wagonjwa usiku kucha ili wewe usiipike. Sasa wewe unairudia kwa hiari yako? Ulaya?"

Nikamwambia bibi alikuwa anaipika vizuri. Akasema hajasema alipika vibaya. Nikamwuliza kwa nini basi kila akitoa ushuhuda kanisani anasema Bwana alimtoa kwenye nyumba ya pombe, kama vile alitolewa shimoni. "Ile nyumba na mimi nimekulia, Mama. Ilikuwa safi kuliko hii."

Hapo nilidhani atanipiga, ingawa hajanipiga tangu tufike nchi hii. Akavuta kiti, akakaa. Kwa muda akawa anautazama mtori. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, kama hiyo bia ilikuwa chungu. Nikamwambia chungu sana, kama ya bibi siku akizidisha msesewe.

"Bibi yako hakuwahi kuzidisha," akasema. "Alikuwa anawapunguza walevi."

Nikacheka. Yeye nusura, akajizuia, uso ukarudi ulivyokuwa. Akasema kesho nitasimama mbele na wenzangu kama alivyoahidi, mengine tutayaongea baadaye. Baadaye ya Mama naijua, ni kabati, vitu vikiingia havitoki. Nikamwambia sitasimama, nitakuwa kazini. Akasema yeye hatakwenda kumdanganya mchungaji kwa ajili yangu. Nikasema sijamwomba adanganye.

"Basi mwambie wewe. Mdomo si umeupata leo?"

Alijua pa kunipiga. Simu ndicho kitu ninachokiogopa kuliko vyote. Hata kwa daktari wa meno Mama ndiye hunipigia. Alijua kabisa kwamba kati yangu na kiwanda ameweka kitu ambacho sijawahi kukivuka, akapakua mtori, akanipa bakuli. Tukala.

Asubuhi niliamka kabla yake, nikavaa suruali ya zamani na sweta nisilojali likichafuka. Saa moja kasorobo alitoka chumbani. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akawasha redio yake ya nyimbo za Jumapili. Nikakaa kwenye mkono wa kochi, sebuleni, ambako anaweza kunisikia, nikampigia mchungaji.

Alidhani kuna msiba. Nikasema shikamoo, hapana, hakuna msiba. Nikamwambia jina langu alitoe kwenye wanaoombewa leo kwa ajili ya chuo. Siendi kusomea unesi. Nimepata kazi ya kujifunza kupika bia na naianza asubuhi hii. Nilisema yote bila kuvuta pumzi, na nilipomaliza nikagundua redio imezimwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, gauni halijafungwa zipu mgongoni.

 Kwa upole, kama mtu anayemwongelesha mgonjwa, mchungaji akaniuliza kama Mama anajua. Nikamwambia yuko hapa, ananisikiliza. Akasema basi hata kama sitakuwepo, ataniombea ili Mungu anirudishe kwenye ile njia.

Zamani ningesema asante.

"Niombee, mchungaji," nikasema. "Lakini niombee kwa kazi hii hii."

Akasema ataona. Nikamtakia ibada njema, nikakata.  Mama aligeuka, akanipa mgongo, akasubiri. Nikamfunga zipu mpaka juu. Kisha nikavaa koti, nikamwambia naenda, nikashuka ngazi kwenda kupanda basi la Croydon.