Daktari wa Minyoo

Kwetu Songea ukitaja minyoo, mtu anashika tumbo. Namwelewa. Ila mimi nimesoma minyoo wa baharini kwa miaka, na nimechoka kuomba radhi. Wangu ni wale wenye magamba mgongoni, jenasi Lepidonotus, kila mmoja na jozi zake kumi na mbili, urefu wake kama kidole cha mtoto. Wanaishi chini ya mawe, pale maji yanapokupwa na kujaa. Jamaa zao wengi wakiguswa huangusha magamba wakakimbia. Hawa wangu huyang'ang'ania. Niliwapendea hilo tangu siku ya kwanza, na sioni haya kulisema.

Mwaka jana nilirudi nyumbani, Mjimwema, kuandika tasnifu yangu ya uzamivu. Nilikuja na hadubini na chupa za minyoo ndani ya spiriti, nikazipanga kwenye meza ya chakula. Mama hakununa hata kidogo. Alikuwa ameshawatangazia wenzake wa jumuiya ya kanisani kwamba binti yake ni daktari.

"Mama, mimi si daktari wa watu."

"Ukimaliza hicho kitabu chako hawatakuita daktari?"

"Wataniita, lakini..."

"Basi. Mimi nimewahi tu."

Nikacheka, nikaacha. Hilo lilikuwa kosa langu na simsingizii mtu. Sokoni niliitwa daktari, nikaitika.

Zamu ya sala ilipofika nyumbani kwetu, jirani yetu mmoja, bibi wa makamo ya mama, alikuja na mjukuu wake mgongoni. Tulipomaliza rozari akamteremsha mbele yangu. Tumbo lilikuwa limevimba, mwili unachemka, viganja vyeupe.

"Daktari, huyu ni minyoo. Juzi nilitaka nimpeleke hospitali, nikasema nihangaike nini wakati wewe upo?"

Juzi! Siku mbili mtoto amekaa na homa akinisubiri mimi, mtu ambaye hajawahi kumpa mgonjwa hata panado.

Mama akanivuta jikoni. "Mwambie akanunue dawa ya minyoo duka la dawa. Nani asiyeijua? Usiniaibishe mbele ya watu, mwanangu. Nakuomba."

Kuombwa na mama si jambo dogo. Lakini nilikuwa nimekasirika, zaidi nikijikasirikia mwenyewe, nikarudi sebuleni na chupa mkononi.

"Shikamooni tena, mama zangu. Mimi si daktari wa watu. Sijui kutibu. Nasoma hawa."

Chupa ikapita mkono kwa mkono. Kikaanza kicheko.

"Miaka yote hiyo chuoni, minyoo?" akauliza mmoja wa wageni.

"Ndiyo, mama."

"Wanaliwa?"

"Hapana."

"Wanatibu kitu?"

"Hapana."

"Sasa wana faida gani?"

"Wanaishi," nikasema. "Na mimi nataka kujua wanaishije. Bibi, mbebe mtoto, twende hospitali."

Niliita bodaboda mbili na kicheko nikakiacha palepale. Mtoto alikuwa na malaria, damu imeshuka sana. Akaongezewa damu siku hiyohiyo. Muuguzi alituambia kwa ukali kwamba tungengoja mpaka kesho yake, tungekuja kuchukua karatasi ya mazishi. Bibi alilia. Mimi nililia pia, nje, kwa hasira.

Mtoto alipona. Mama hakunisemesha wiki nzima. Aliniwekea chakula pembeni ya hadubini na kuondoka. Sikumwomba msamaha, na hata leo siombi. Nilikaa nikahesabu magamba yangu.

Wiki iliyofuata sala ilikuwa kwa yule bibi, ya shukrani. Mama alitangulia, nikamfuata nyuma, nikakaa mkekani karibu na mlango. Nilisikia mtu akinong'ona "minyoo", na mabega ya wawili watatu yakatikisika. Yalipofika matangazo, mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno. Mama, ambaye huwa hasemi kitu mkutanoni, akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni.

"Yule pale ni binti yangu," akasema. "Niliwaambia ni daktari. Niliwadanganya. Anasoma minyoo wa baharini. Anayetaka kucheka acheke sasa, nikiwa nimesimama."