Mgeni, Farasi Aliyetupwa na Shamba la Ngano

Mwaka jana nilialikwa harusini Arusha. Bwana harusi alikuwa amekodi farasi wa kupigia picha, mweupe, amefunikwa kitambaa chekundu chenye nyuzi za dhahabu mpaka magotini. Watu walikuwa wanashangilia na kupanga foleni. Mimi nilisogea karibu, nikasikia harufu. Kama umewahi kuuguza kidonda cha mnyama, harufu ile huisahau. Niliinua pembe ya kitambaa, na pale mgongoni, chini ya tandiko, palikuwa na kidonda kama sahani, kibichi. Kijana aliyeshika hatamu akaniambia, "Mama, usimguse, utachafua nguo yako."

Niliondoka kabla ya chakula. Mume wangu alidhani ninaumwa. Ningemwelezaje? Ingebidi nianzie Nangwa, kwa bibi yangu, miaka ile ambayo ngano ilianzia nyuma ya zizi letu na kwenda mpaka macho yanachoka.

Wewe nitakueleza.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, chini ya Mlima Hanang. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho kabla ya uzio wa shamba la serikali. Asubuhi upepo ulishuka mlimani na baridi inayouma masikio, na wakati wa mavuno tuliamshwa na kombaini zikinguruma kama mvua ya mbali. Vumbi la makapi lilituingia kwenye uji, kwenye nywele, kwenye maziwa. Kombaini zikishapita, wanawake waliruhusiwa kuokota masazo. Bibi alichemsha ile ngano na maharage, na mpaka leo sijala kande tamu kama ile.

Lakini usidhani tulilipenda shamba. Kabla ya ngano, pale palikuwa malisho. Jirani yetu, mama mmoja wa Kibarbaig aliyekuwa na umri wa bibi, alikuwa anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali ndama wake walipozaliwa na mahali baba yake alipozikwa. Kote kulikuwa kumelimwa. Ng'ombe wakivuka uzio, walinzi walikuja na farasi kuwakamata.

Farasi wale waliachwa na mzungu aliyekuwa na shamba dogo upande ule zamani. Shamba la serikali lilipoanza, likawarithi pamoja na matandiko yao. Mlinzi juu ya farasi, na kiboko mkononi, aliweza kukukuta popote. Siku moja mlinzi mmoja alimfukuza kijana wa jirani yetu mpaka korongoni na kumchapa usoni. Jicho la kushoto la kijana yule halikuona tena.

Baadaye zikaja pikipiki. Mlinzi yule aliachishwa kazi, na farasi nao wakaachishwa, kwa namna yao. Walifungwa nyuma ya karakana, pale panapotupwa matairi na vyuma, na hakuna aliyepangiwa kuwalisha. Walikuwa watatu. Tulipokwenda kuokota masazo mwaka ule, wawili walikuwa wameshakufa.

Wa tatu alikuwa jike, rangi ya kahawia, na alama nyeupe usoni. Alikuwa amesimama kwa sababu waya aliofungiwa ulikuwa mfupi mno, hawezi kulala. Mbavu zilihesabika. Mgongoni funza walikuwa wanatembea. Kwato zilikuwa zimerefuka na kupinda juu kama viatu vilivyochakaa. Bibi aliweka chini gunia lake akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaenda ofisini na miguu yake yenye vumbi, mimi nikimfuata.

Meneja wa wakati ule alikuwa anakunywa chai. Bibi alimwamkia vizuri, akamwambia, "Baba, yule mnyama anaoza akiwa hai."

"Mama, tumeandika barua aje mtu wa kumpiga risasi. Hawajajibu."

"Basi nipe mimi."

Meneja alicheka. "Utamfanyia nini? Halimi, hakamuliwi, haliwi."

"Nitampa maji kwanza," bibi akasema. "Mengine nitajua baadaye."

"Mchukue, mama. Utakuwa umetupunguzia mzigo."

Hakukuwa na karatasi. Nani angefikiria karatasi?

Kutoka karakana mpaka kwetu ni mwendo wa nusu saa kwa mtu. Tukiwa naye tulitoka mchana, tukafika jua linazama. Kila hatua chache alisimama na kutetemeka, na bibi alisimama naye bila kumvuta, akimwambia, "Haya mgeni, pumzika. Haya mgeni, twende." Ndivyo jina lilivyomkaa. Mgeni.

Habari zilifika kwa jirani kabla yetu. Alikuwa amesimama kwenye njia ya kwake, amejikunja ndani ya shuka lake. Bibi alimsalimu. Hakuitikia. Alisema tu, "Namjua huyo. Alisimama pale korongoni wakati mwanangu anapigwa. Na wewe unampeleka kwako."

"Kiboko hakikuwa mkononi mwake," bibi akajibu.

"Mimi nilimwona yeye kwanza," jirani akasema, akaingia ndani. Wanawake wale walikuwa wamekaa pamoja jikoni tangu kabla sijazaliwa. Baada ya siku ile, kwa miezi, hakuja kuomba moto wala kuleta maziwa mgando.

Kazi ya kumrudisha Mgeni ilikuwa kazi ya mikono. Asubuhi kabla ya shule nilichemsha maji ya chumvi. Bibi aliwatoa funza mmoja mmoja kwa kijiti, kisha akapaka utomvu wa mshubiri juu ya nyama. Mwanzoni Mgeni alirusha mateke. Bibi hakumfunga. Alirudi nyuma, akasubiri, akaanza tena. Tulimpa pumba kidogo kidogo, tukizilowesha kwanza, maana bibi alisema tumbo lililozoea njaa ukilijaza linapasuka. Nilikata majani mpaka viganja vikawa vigumu kama vya mtu mzima. Usiniulize kwa nini bibi alifanya hivyo. Majirani walimuuliza kila siku. Aliwajibu, "Nimemkuta," kana kwamba hilo linatosha.

Kwato ndizo zilizotushinda. Bibi aliuliza huku na huku nani anaweza kuzikata, na mtu aliyejulikana kuweza alikuwa mmoja tu: yule mlinzi aliyeachishwa. Alikuwa anaishi Katesh, analewa, mkewe ameshaondoka. Bibi alimwita.

Alikuja na kisu na tupa, amevaa koti la kazi lenye alama ya shamba iliyobanduliwa. Mgeni alipomsikia tu alitega masikio. Yule mwanaume akaweka paji la uso kwenye shingo ya farasi. Kisha akainama, akaanza kazi. Alikuwa kwenye mguu wa pili jirani yetu alipotokea kwenye uzio wetu wa minyaa.

Mlinzi alimwona. Aliuachia mguu wa farasi polepole, akavua kofia. "Shikamoo, mama," akasema.

Wewe unajua kwetu shikamoo ni nini. Hata adui huitikiwa. Jirani alimtazama machoni, mpaka mimi nikatamani kuitikia badala yake. Hakuitikia. Lakini pia hakuondoka. Alisimama mpaka kwato zote nne zikaisha, akamwona Mgeni anajaribu kukanyaga sawasawa, kwa mashaka, kama mtoto. Kesho yake nilikuta kwenye lango letu bonge la chumvi ya Ziwa Balangida, ile wafugaji wanayolambisha ng'ombe, limefungwa kwenye jani. Bibi aliliweka mbele ya Mgeni. Wiki iliyofuata jirani alikuja kuomba moto.

Mlinzi yule alirudi mara nyingi. Ndiye aliyenifundisha kupanda, bila tandiko, juu ya gunia, kidonda kilipokwisha kufunga. "Usimvute mdomo," alikuwa ananiambia. "Mwambie kwa magoti." Katika mwaka mmoja Mgeni aling'aa kama mbegu ya parachichi. Alinibebea madumu ya maji, akanibeba na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuna mtoto kutoka Nangwa mpaka Katesh aliyekuwa na kitu kama hicho.

Bibi alinikataza jambo moja tu: nisimpitishe kwenye barabara ya shamba.

Sasa nikwambie nililofanya. Shuleni kulikuwa na binti wa meneja mpya, maana yule wa zamani alikuwa amehamishwa. Binti huyo alivaa soksi nyeupe na alikuja na mkate uliopakwa siagi. Hakuwahi kunifanyia ubaya. Hakuwahi kuniona tu, na mimi nilitaka anione. Siku ya michezo nilimwambia bibi nakwenda kisimani, nikampanda Mgeni, nikapita barabara ya shamba, katikati kabisa, mgongo umenyooka.

Gari la meneja lilisimama kando yangu. Aliteremsha kioo. Binti yake alikuwa amekaa nyuma, na aliniona.

"Huyu farasi ni wa nani?" meneja akauliza, kwa upole kabisa.

"Wa bibi," nikasema. Ningeishia hapo. Lakini binti alikuwa ananitazama, kwa hiyo nikaongeza, "Alikuwa wa shamba. Mlimtupa."

"Kumbe," akasema. Akapandisha kioo.

Siku tatu baadaye walikuja na trekta na tela. Wakubwa walikuwa wanakuja kutembelea shamba, na meneja alitaka farasi aongoze mapokezi. Karani aliyetumwa alimwambia bibi kwamba mnyama ni mali ya umma.

"Meneja wenu alinipa."

"Karatasi iko wapi, bibi?"

Bibi alimwonyesha mgongo wa Mgeni, lile kovu lililoota manyoya meupe. "Hii hapa karatasi yangu," akasema. Karani alitazama chini. Lakini walimpandisha kwenye tela.

Trekta ilipofika njia panda iliyo karibu na zizi letu ilisimama. Jirani yetu alikuwa katikati ya barabara na fimbo yake. "Mlichukua malisho," akasema, si kwa sauti kubwa. "Mkachukua ng'ombe wangu, mkachukua jicho la mwanangu. Sasa hata mnyama mliyemtupa mmerudi kumchukua?" Dereva alizima injini. Alikuwa kijana kutoka Endagikot, naamini aliona haya. Walinzi wawili wa pikipiki wakamshika yule mama mikono, wakamweka kando kama mzigo, na injini ikawashwa. Mgeni aligeuza kichwa kwetu. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya zizi.

Wakubwa walikuja, wakapigiwa ngoma, wakaondoka. Watu walisema farasi alipendeza sana. Bibi alikwenda kwa meneja kuomba arudishiwe Mgeni, akaambiwa asubiri. Wakati anasubiri, walimfunga Mgeni kando ya stoo ya mbegu, hakuna aliyepangiwa kumlisha. Njaa ilimfanya akate kamba. Alikula ngano ya mbegu, ile iliyotiwa dawa mpaka ikawa nyekundu. Mlinzi wa zamani ndiye aliyetuletea habari, hajalewa siku ile. Alisema Mgeni alikufa vibaya, asubuhi yote.

Walimburuta kwa trekta mpaka korongoni. Bibi, jirani na mimi tulikwenda na majembe, lakini fisi walikuwa wametutangulia. Tulifukia kilichobaki. Jirani alitupa kiganja cha chumvi. Kisha bibi akafuta jembe lake kwa majani, akasema, "Turudi. Maharage yanataka kupaliliwa."

Hakuniuliza lolote. Sikusema lolote. Nilimaliza shule, nikaolewa mbali, na katika miaka hiyo yote, kila niliporudi kumsalimia, nilikuwa na sentensi moja mdomoni ambayo haikutoka. Ilitoka mwaka wake wa mwisho, akiwa hawezi tena kuinuka kitandani, mimi nikimlisha uji. Nilimwambia, "Bibi, ni mimi niliyemwambia meneja."

Alimeza kwanza. "Najua. Karani aliniambia siku ile ile, trekta ikiwa bado langoni."

"Na hukunipiga? Hata kunigombeza?"

"Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja," akasema. "Yule bwana alikuwa na miaka hamsini." Akafungua mdomo kwa kijiko kingine.

Nilitamani jibu lile linipumzishe. Halikunipumzisha, maana niligundua kwamba siku ile ya korongoni, alipokuwa anafuta jembe, alikuwa anajua, na alinishika mkono njia nzima kurudi nyumbani.

Shamba lenyewe limekufa. Kombaini zilikaa juani mpaka watu wakazing'oa vyuma, na ardhi ikagawanywa kwa wenye uwezo wa kugawiwa. Jirani yetu hakupata hata pa kusimamisha ndama. Alihama na kilichobaki cha mifugo yake kuelekea Singida, na tulisikia kwamba alifia njiani. Mlinzi alikufa kwa pombe. Kwenye zizi letu mtu amejenga duka la mbolea. Nilimuuliza mwenye duka kama amewahi kusikia habari za farasi hapa. Akacheka, akasema, "Farasi? Hapa? Mama, labda punda."

Waliomjua wamekwisha wote. Nimebaki mimi tu, yule aliyemsema.